Masaa Arobaini kwa Kasi Mbili

Benchi la Mzee Sarju, muuza chai wa mtaa wa Musallahpur mjini Patna, India, hukaliwa na watu wenye mtihani tu. Jioni hiyo Ujjwal alikuwa na masaa arobaini ya video za hesabu hajazigusa, mtihani wa ajira za reli ulikuwa Jumapili, na umri ulikuwa unamruhusu kuufanya mara hii tu. Video zilikuwa za Mwalimu Jha. Uso wake haumo. Kuna mkono unaoandika na sauti, na sauti hiyo mtaa mzima uliijua kwa kasi mbili tu, ikikimbizwa mara mbili kuokoa muda, maneno yakikanyagana. Chai ilikuwa inampoa Ujjwal mkononi.

Injinia, mwenye shahada ya uhandisi na hana kazi, alimwambia aweke kasi tatu, masaa kumi na matatu na ushee, kwisha habari. Mheshimiwa, aliyepewa jina hilo kwa kupenda hotuba, akaliona hilo dogo.

— Chukua simu mbili, sikio hili aljebra, sikio lile jiometri. Kwa kasi mbili, unamaliza kwa masaa kumi.

— Kuna jamaa hosteli ya nyuma anakwenda kasi nne, alisema Injinia kwa sauti ya chini. Mwalimu analia kama mbu, na jamaa anatikisa kichwa, anaelewa.

Ujjwal alisisimka mwili mzima. Kumbe binadamu anaweza kufika huko.

— Mimi siwezi, alikiri. Masaa ishirini ya kwanza kasi ya kawaida, ishirini ya mwisho kasi mbili. Wastani moja na nusu. Masaa ishirini na sita na kitu, nawahi.

— Thelathini, mwanangu.

Aliyesema ni mzee mmoja mgeni, mwenye sweta la kahawia, aliyekuwa akipuliza chai pembeni. Alizungumza taratibu mno, kila neno akiliweka chini kabla ya kuchukua jingine.

— Ishirini kwa kasi ya kawaida ni ishirini. Ishirini kwa kasi mbili ni kumi. Jumlisha.

Walijumlisha. Ilikuwa thelathini. Injinia alijikuna shingo, akakumbuka kwamba jambo hilo lilikuwamo kwenye somo la saba, mwendo na umbali, ambalo wote watatu walikuwa wamelitazama. Akalifungua kwenye simu ahakikishe, na sauti ikatoka mbio kama kawaida yake.

— Hebu ipunguzeni hiyo, alisema Mzee Sarju, akimimina maziwa. Iongee kama mtu.

Injinia akairudisha kasi ya kawaida. Sauti ikashuka, ikatulia, kila neno likawekwa chini kabla ya jingine kuchukuliwa. Wakaitazama simu. Kisha, mmoja mmoja, wakamtazama yule mzee mwenye sweta.

Mheshimiwa alisimama. Injinia aliinama akamgusa mzee miguu kwa heshima. Ujjwal alibaki amekaa. Mwaka mzima alilala na kuamka na sauti hii, na leo imemfundisha akiwa ameketi kando yake, asiitambue. Aliona aibu, na juu ya aibu hiyo akajawa na mshangao kwamba mtu huyu yupo kweli, ana sweta, anapuliza chai.

— Kaeni, alisema Mwalimu Jha. Niambieni, ni somo lipi lililowaacha njiani?

Injinia aliangalia viatu vyake. Mheshimiwa akaikodolea macho birika. Masomo yote yalikuwa yamepita, na hakuna aliyeona ni lipi lilipita bila yeye.

— La kwanza, mwalimu, alisema Ujjwal mwishowe.

Mwalimu Jha hakucheka. Alimwomba Mzee Sarju chai nyingine mbili, akasogea kumpa kijana nafasi ya kuweka daftari.

— Haya, tuanze nalo.