Harrison Rai Boga na Upande wa Pili wa Karatasi

Bwana asifiwe, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Fondo Boga, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome, na karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, mimi niliyeingia gumbaru, darasa la watu wazima, mwaka 2019 nikiwa na miaka hamsini na nane, kwa hiyo nikisimama mahali mnivumilie, natafuta mstari.

Kaka yetu Harrison Rai Boga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Kinango, kifungua mimba wa mzee Boga Sanga na mama Dama, ambao wametangulia. Alisoma mpaka darasa la tatu, mwaka 1968, kiangazi kikaingia, baba akamtoa awapeleke ng'ombe kutafuta maji, na darasani hakurudi. Mwaka 1979 alipata kazi ya bustani katika hoteli moja Diani, akakaa miezi saba, akasema hawezi kunywesha majani maji ambayo ng'ombe wa kwao hawayaoni, akarudi.

Mwaka 1984 bwana mifugo alimfundisha kuhasi madume kwa lile koleo kubwa, bila kisu wala damu, na kwa miaka thelathini na tisa wenye ng'ombe wa Kinango wamemjua kwa kazi hiyo, alikuwa akimwambia dume, "Samahani bwanangu, ni kazi tu," ndipo abane. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Jumwa, wakajaliwa Kaingu na Kahaso, na wajukuu watano.

Sasa nafika kwenye ugonjwa.

Mwaka 2022 kaka alianza kuamka kwenda haja ndogo kila mara, akasema ni uzee. Tarehe 6 Juni 2023 tulikwenda naye hospitali Msambweni, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya tezi dume, na imeshagusa mifupa. Daktari, mama mmoja mpole, alieleza kwamba homoni ya kiume inatoka kwenye korodani, hiyo ndiyo inayoilisha saratani, na njia mojawapo ni kuziondoa. Kaka hakungoja njia ya pili, alivaa kofia akatoka, na daktari akanipa mimi karatasi ya maelezo, ya Kiswahili.

Nilimsomea nyumbani, siku tatu, kidole kwenye neno. Ilisema mtoto akiwa tumboni, chembe za mwili hupelekeana vichocheo vya ukuaji, jirani humpa jirani, homoni ya kiume ikitoa amri, tezi hukua mpaka kimo chake, kisha chembe zinaambiana basi, yatosha. Lakini kwenye saratani chembe haingoji jirani, inajitengenezea vichocheo yenyewe, inajiamuru kukua, na hakuna wa kuiambia basi. Kaka alielewa kuliko mimi. Akasema, "Hilo nalijua, dume ukimhasi mdogo tezi yake haikui, nimeona wakichinjwa." Nikadhani amekubali. Akasema, "Lakini Fondo, mimi nihasiwe? Nikipita mnadani, mtani wangu Salimu ataniuliza maksai mzee ana kilo ngapi." Tukacheka, Mungu anisamehe, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koleo lake.

Ilikuwa na upande wa pili. Sikuugeuza. Nilikuwa nimefika mwisho wa ukurasa bila kusaidiwa, mara yangu ya kwanza, na nikaona nimemaliza.

Novemba 2024, kaka hawezi tena kuinuka, nilikwenda kuchukua koleo nimpe Kaingu, nikaiona karatasi, nikaigeuza. Imeandikwa kwamba asiyetaka upasuaji apewe sindano kila miezi mitatu, nayo hukata homoni ile ile. Nilimsomea nikilia. Akaniuliza, "Hii ilikuwa wapi?" Nikamwambia ilikuwa nyuma. Akasema, "Basi twende." Alidungwa, wiki tano akalala bila kuugua kwa maumivu, akala ugali, akamtania Jumwa, kisha mifupa ikamshinda. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa kumi alfajiri, Msambweni. Nilimuuliza daktari kama mwaka na miezi mitano ile ingemwokoa, akasema kupona hapana, kuishi zaidi huenda. Neno hilo, "huenda", silali nalo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomchotea Jumwa maji mitungi kwa mitungi, na watu wa mnadani, hasa Salimu, aliyekuja kumwogesha kaka kila Ijumaa baada ya swala, na hakumtania hata mara moja.

Wanaume mlioketi hapa, Jumatatu tarehe 17, saa moja asubuhi, mimi na Kaingu tutakuwa stendi, tunakwenda kupimwa damu, na nayasema mbele yenu ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Anayetaka kucheka acheke leo, nafasi ziko ndani ya gari. Na mwenye karatasi ya hospitali asiyoielewa, aniletee.

Kaka Rai, pumzika kwa amani. Hii nimeigeuza, nyuma hakuna maandishi, nimemaliza.