Alama za Anatomia

Clarisse alizungumza na mama yake kwenye simu kwa Kiswahili, akiamini kwamba katika basi la Houston hakuna wa kumwelewa. Alisema ataikataa nafasi ya chuo cha uuguzi, kwa kuwa ghalani anakofanya kazi wamemfanya msimamizi. Chuo kilitaka jibu siku hiyo hiyo.

Alipokata simu, mwanamke wa kiti cha nyuma aliinama mbele. Alivaa sare ya wasaidizi wa wauguzi, na kifuani paliandikwa Kanana. "Samahani, dada. Basi zima limesikia, ila mimi nimeelewa. Kwa hivyo chuo utaenda lini?"

"Mwakani, Mama. Anatomia nilishafaulu. Alama zangu zipo, ni miaka minne sasa."

"Mimi nilipata A," alisema Kanana. "Nikangoja mdogo wangu amalize shule kwanza. Niliporudi, wakaniambia somo likipita miaka mitano halihesabiwi."

"Mungu wangu! Alama nazo huchacha?"

"Kama maziwa."

Clarisse hakupenda kutishwa na mtu asiyemjua. "Si ungerudia somo, Mama?"

"Ningerudia." Kanana alitazama dirishani. "Kila mwaka nilisema mwakani."

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Kanana aliinuka, akagonga ncha ya kiwiko chake. "Mfupa huu unaitwaje?"

Clarisse alifungua mdomo. Jina halikuja.

"Ulna," alisema Kanana, akashuka kwenda kutandika vitanda vya wagonjwa.

Mlango ulifungwa. Clarisse alibaki ameshika kiwiko chake kwa mkono mmoja, na simu kwa mkono wa pili.