Baba Aisha na Kiambaza cha Karatasi

Tarehe 30 Juni 1995, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Ridhwani Salehe, mpishi mkuu wa nyumba ya wageni ya Mradi wa Mpunga hapa Kyela, anakabidhi funguo za stoo na kustaafu baada ya miaka ishirini na sita. Mimi Marta, karani wa masijala, nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu jalada lake ninalo mimi. Halina barua hata moja ya onyo. Lina barua moja tu ya kujieleza, ya mwaka 1974, kuhusu bata wa mkurugenzi, na maelezo yalikubaliwa.

Aliajiriwa kuosha vyombo. Babu yake alitoka Kilwa akafungua duka hapa mjini, na ukoo ulimtegemea mjukuu asimame nyuma ya mizani. Yeye akachagua jiko, wakamnunia karibu mwaka mzima. Baada ya miaka mitano alikuwa mpishi, na Kinyakyusa chake kilikuwa kimetosha kununulia samaki na kugombana.

Waliokuwepo miaka ya foleni wanajua kwamba meza yake haikukaa tupu. Mafuta yalipokosekana alichemsha. Sukari ilipokosekana alitoa chai kavu na ndizi mbivu, akasema ndivyo daktari anavyoshauri. Daktari gani, hakuwahi kusema. Kisha ruhusa ya biashara ikatoka, maduka yakajaa, watu wakavuka mto Songwe mpakani kwenda na kurudi na mabelo yao ya nguo, lakini yeye aliendelea kufungia chumvi kwa kufuli miaka sita zaidi. Tulimcheka sana. Hakujali hata kidogo.

Hayo yote yamo jaladani. Lisilomo ni jambo la Ijumaa moja ya Agosti 1988, nami naliandika leo ili liwemo.

Mwaka huo Bwana Morita, mtaalamu wa mpunga kutoka Japani, alikuwa akimaliza miaka yake mitatu nasi, na safari yake ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amemsimulia Baba Aisha, kama wengi tunavyomwita Bwana Ridhwani, habari za izakaya, vilabu vya kwao ambako watu wa ofisi moja huenda pamoja wakitoka kazini. Unapokewa kwa makelele mlangoni, unakaa chini, unaletewa vijisahani kimoja baada ya kingine. Vingine hupambwa kwa mchezo tu, mteja ajione yuko ndani ya meli au stesheni ya treni. Baba Aisha alisema hilo linawezekana, ila pombe haitaingia jikoni kwake. Basi tukapanga kutoka, watu kumi na wanne, kwenda Japani, yaani ukumbi wa nyumba ya wageni, hatua sitini kutoka ofisini.

Alitengeneza taa za mifuko ya sukari zenye kurunzi ndani. Fatu wa dukani alituazima kanga za kuvaa kama majoho ya Kijapani, kwa sharti kwamba zirudi bila doa. Fundi alitengeneza kiambaza cha fremu ya mbao na karatasi nyeupe, kama milango aliyoichora Bwana Morita, kikasimama karibu na mlango kama pambo.

Siku moja kabla, Sekela, mpiga chapa wetu, alinijia masijala akaniambia hatakuja. Alikuwa ameolewa miezi minne kabla na mtoto wa Mzee Nsajigwa, msimamizi wa mifereji. Asiyejua mila za Wanyakyusa na aelewe hivi: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso, hawali pamoja, wala mke hatamki jina la mkwewe. Ofisini tulimudu. Mzee aliingia kwa mlango wa nyuma, na Baba Aisha alipeleka chai kwa zamu mbili. Mkeka mmoja lilikuwa jambo jingine.

Na Sekela alikuwa na lake zito zaidi. Alikuwa amechaguliwa kwenda Morogoro, kozi ya takwimu za kilimo, miezi tisa, na fomu ilitakiwa irudi kabla Bwana Morita hajaondoka. Bila neno la baba mkwe hakuona pa kupitia. Mumewe aliogopa kuuliza, na yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kuuliza. Alikwisha kuamua kukataa. Nilimhurumia mpaka nikakosea kufaili barua.

Nilikwenda jikoni kumweleza Baba Aisha. Akaniambia Mzee Nsajigwa ametoka hapo hapo sasa hivi, naye hatakuja, ili binti apate kukaa na wenzake. Kila mmoja alikuwa amejitoa kwa ajili ya mwingine, na kila mmoja ameomba sahani yake ipelekwe nyumbani.

Baba Aisha akafuta mikono, akakibeba kiambaza akakiweka katikati ya mkeka. Akaniketisha upande mmoja, akawasha taa, akakaa upande wa pili. Pua yake yote ikaonekana kwenye karatasi. Akasema kivuli ni nusu ya uso, haifai. Akabandika karatasi ya kaki juu ya ile nyeupe, akajaribu tena, akasogeza taa, mpaka nikaapa kwamba sioni kitu. Kisha akatuma salamu mbili kwa nyumba mbili.

Wote wawili walikuja, kwa milango miwili. Makelele ya Kijapani yalitushinda, kwa hiyo kila aliyeingia tulimpokea kwa kupaza salamu ya Kinyakyusa, “Ugonile!” Bwana Morita alicheka mpaka akakaa. Tulikula mishikaki ya samaki, usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, vidonge vya wali wa mchele wa Ngonga, na chai ya tangawizi kwenye vikombe vya kahawa. Baba Aisha alikaa juu ya mbuzi ya nazi, pale kiambaza kilipoachana na ukuta, akipitisha sahani huku na huku. Yeye pekee alituona sote.

Bwana Morita akatangaza habari ya kozi. Tulipiga makofi, lakini kila mtu alijua kilichobaki. Sekela aliinama. Ndipo sauti ya Mzee Nsajigwa ikatoka upande wa pili wa karatasi.

“Ridhwani, mwambie mkwe wangu aende akasome. Mwanangu ana mikono, atajipikia.”

Ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Hata hivyo Baba Aisha alimgeukia Sekela akamfikishia ujumbe neno kwa neno, bila kutabasamu, na Sekela akalia waziwazi.

“Mwambie baba, ndaga fijo.”

Akageuka, akafikisha shukrani hiyo nayo.

Sekela alitia saini Jumamosi asubuhi. Leo ndiye mkuu wa takwimu wa mradi, na hesabu za mavuno kutoka Mwaya mpaka Njisi hupita mezani kwake. Kanga zilirudi, moja ina doa, na Fatu hajatusamehe.

Nilipokuwa nikikusanya vyombo jioni ile nilihesabu sahani zilizoliwa, tabia ya masijala. Zilikuwa kumi na nne, pamoja na ya Bwana Morita. Sisi na mgeni wetu, pamoja na mpishi, tulikuwa kumi na watano. Nilipomuuliza alisema amekwisha kula. Hakuwa amekula.

Kwa hiyo leo, Baba Aisha, tumepanga sisi. Mkeka ni ule ule. Kiambaza tumekitoa stoo, Fundi amebandika kaki mpya, nami nimekagua vivuli mara mbili. Mzee Nsajigwa, aliyestaafu kabla yako, yuko upande wa kulia, Sekela yuko kushoto. Nafasi ya katikati ni yako, na mbuzi ya nazi tumeificha ili usiitafute. Watakupitishia sahani wao, kutoka pande zote mbili.

Tunakushukuru kwa miaka ishirini na sita. Tunakuombea afya, wajukuu wenye njaa, na uzee usio na foleni. Usiinuke kumhudumia mtu yeyote. Karibu, ule kwanza wewe.