Maisha ya Esnath Aron Tweve, Aliyetangazwa Kufa Akiwa Hai

Mchungaji, viongozi wa mtaa, ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Stanley, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu, na naomba mzisikilize tarehe vizuri, kwa sababu marehemu alikwishawahi kuliliwa na watu wasiomjua.

Esnath alizaliwa tarehe 3 Aprili 1968 kijijini Ipelele, Makete, mtoto wa pili wa mzee Aron Tweve na mama Idda, akapewa jina la bibi, jina ambalo baba mdogo naye alimpa binti yake, ukoo ukawa na akina Esnath Tweve wawili, na hakuna aliyeona ubaya.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, akajifunza ushonaji Njombe mjini, na tarehe 15 Desemba 1990 akafunga ndoa hapa Makambako na dereva wa lori, marehemu Ebeneza Mahenge, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Jeni, aliyezaliwa mwaka 1993.

Kati ya mwaka 1999 na 2001, mumewe akifanya kazi Dar es Salaam, dada aliwashonea nguo waigizaji wa kichekesho cha televisheni kilichoitwa Wapangaji Kumi, na siku moja mwigizaji aliyepangwa kuwa mgeni alipokosekana, wakamvalisha yeye gauni alilolishona mwenyewe, akawa Mama Viazi, mgeni aliyeomba kulala siku moja na gunia lake la viazi, akagoma kuondoka. Alionekana mara mbili tu, lakini watu walicheka hadi machozi. Mwaka 2002 alirudi Makambako, akaweka cherehani yake sokoni.

Februari 2019 alimkataa mchumba wa Jeni mbele za watu, kwa ukali alioujutia mpaka mwisho, Jeni akaenda Geita, akabadilisha namba ya simu.

Sasa wapo mashabiki wanaovitazama upya vichekesho vya zamani kwenye simu na kuulizia waigizaji waliotokea mara moja moja wako wapi, na mmoja wao, akipita Iwawa kwenda Kitulo kutazama maua, aliona msalaba wenye jina la Esnath Tweve, lile lililoandikwa mwishoni mwa kichekesho, lakini ulikuwa wa binamu yetu, yule wa baba mdogo, tuliyemzika Novemba 2021, akaupiga picha, na tarehe 17 Januari 2022 wakatangaza kwenye ukurasa wao kwamba Mama Viazi hatunaye tena. Dada mwanzoni alicheka, akasema, "Kumbe nimekufa na makande ya msiba sijaonja," kisha akaniambia, "Stanley, mwanangu akiiona hii, atarudi kwa nani?"

Alimpigia msimamizi wa ukurasa ule, akaitwa tapeli na kufungiwa namba, akajirekodi sokoni ameshika kiazi akisema maneno yake ya zamani, wakajibu kwamba video imetengenezwa na kompyuta na tuache kumchezea marehemu. Mimi nilimwambia aachane nao, wataacha wenyewe, na hilo ninaliungama hapa mbele yenu. Kumbe Jeni alikwishaiona picha ya msalaba wiki ile ile ya kwanza, na kwa aibu ya kurudi kwenye kaburi la mama ambaye hakumzika, alilia kule kule peke yake.

Oktoba 2024 dada aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa Njombe na Mbeya, na kila saa ya kutazama wagonjwa aliuliza nani amekuja, mpaka alipofariki tarehe 9 Agosti 2025, saa nane mchana. Tulitangaza redioni, tangazo likamfikia msimamizi yule, na kesho yake akaandika kuomba radhi, naye Jeni akausoma ujumbe huo akiwa kazini, akajua kwa wakati mmoja kwamba mama yake alikuwa hai miaka yote ile, na kwamba jana yake amekufa.

Amefika leo asubuhi, ndiye huyu aliyeketi kando ya jeneza, na ninawaomba asiwepo wa kumuuliza alikuwa wapi. Jeni, mama yako alikusamehe siku ile ile ulipoondoka, tatizo lilikuwa hana pa kukuambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomfulia na kumpikia, mafundi cherehani wa sokoni, na usharika wote.

Pumzika sasa, dada, mtoto amefika.