Theluji ya Unga ya Mzee Eliamini

Haya ninayowasimulia, wasikilizaji wapendwa, nimeyapata kwa Kindness, binti wa marehemu. Aliniambia Jumanne iliyopita kule Mbokomu, tukimenya ndizi za msibani. Kisu chake hakikusimama, na maneno nayo hayakusimama.

Tunamkumbuka Mzee Eliamini. Alikuwa mpagazi. Miaka mingi alibeba mizigo ya wageni mpaka kule juu kwenye theluji. Magoti yalipochoka akarudi kihambani, kwenye migomba yake, kahawa yake na ng'ombe mmoja. Na sinema. Mzee Eliamini alipenda sinema.

Lakini si hizi mnazozijua. Alipenda zile ambazo hakuna anayezitaka. Zile za fedha kidogo, maiti anapumua, na ukuta wa jumba la mfalme unatikisika mtu akifunga mlango. Moja aliikuta sokoni Sanya Juu, mwenye meza ameiweka chini ya mguu wa meza isiyumbe. Mkanda wa deki. Hauna jalada, hauna jina. Lugha yake hakuna aliyeijua, na hata leo hatuijui.

Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Mwanamume anavuka mlima wa theluji akimtafuta mkewe. Basi. Mlima ni turubai lililopakwa rangi. Theluji ni unga. Unaona kabisa ni unga, unamwagwa na mkono wa mtu, na mkono wenyewe unaonekana.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa kwenye banda lake la zamani la kahawa, mbele ya televisheni ya chogo. Kiingilio kilikuwa majani ya ng'ombe. Mzee alisimama kando ya picha na kuwasemea wale watu wa kwenye filamu. Maneno yote aliyatunga mwenyewe. Mkewe Aikaeli, sisi tunamwita Mama Kindness, alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Hakuingia hata mara moja.

"Baba Kindness," alikuwa akisema, "katika hizo takataka zako anayefaidi ni ng'ombe."

Siku ya kwanza, jirani yao Godbless alicheka mpaka akashika mbavu.

"Meku, mzee wangu, wewe umekanyaga theluji yenyewe! Leo unatuonyesha unga wa ugali?"

Mzee akasimamisha picha.

"Godbless, mimi nimelala kwenye baridi ile. Huyu hajaiona maisha yake. Sasa tazama kidevu chake. Tazama vidole. Amepewa unga, na anatetemeka kuliko mimi. Hilo amelitoa wapi?"

Kindness anasema aliona watu wazima wakijifunga kanga na makoti, na nje jua linawaka.

Mwaka huu koo la Mzee likaugua. Sauti ikaisha. Ikaisha kabisa. Akabaki na hamu moja tu, aisikie filamu ile ikisemwa tena kabla hajaondoka. Alimwonyesha Kindness mkanda, kisha akagusa mdomo wake. Kindness akatafuta kwenye simu, labda ipo tafsiri. Haikuwepo.

"Baba, ni kama haipo duniani."

Jumapili hiyo watu wakaja na majani yao. Godbless akajitolea kusema. Masikini Godbless! Aliitangaza kama mpira.

"Anapanda, anapanda, anateleza, ooooh!"

"Kaa chini wewe!" watu wakamzomea.

Mzee akageuza uso ukutani. Machozi yakamtoka.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Mke wangu, kama uko ng'ambo ya upepo huu, usizime moto. Ninakuja."

Ni Mama Kindness. Akatokea mlangoni, mikono ina utomvu wa ndizi. Maneno ya mumewe yote alikuwa nayo. Miaka yote ile aliyasikia kupitia mbao. Maneno aliyajua, wasikilizaji wapendwa. Picha hakuwahi kuiona.

Akayasema huku anaitazama kwa mara ya kwanza. Alipofika pale kwenye unga, akakwama.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Kumbe anatetemeka hivi?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasogea, akapiga benchi kwa kiganja. Mama Kindness akakaa, akaendelea, mkono wake umeshikwa.

Mwezi haukuisha, Mzee Eliamini akafariki. Amezikwa kihambani kwake. Mama Kindness, Kindness, na ndugu wote wa Mbokomu, poleni. Poleni sana, Bwana awashike. Na wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako yupo mtu anayependa kitu unachokiona hakina maana. Leo ingia alipo. Kaa. Tazama anachotazama.

Jana Kindness amenipigia simu, akanimalizia. Wageni walipokwisha kushuka na sufuria zao, mama yake aliingia bandani, bado ni mchana. Tangu msiba hakuwa amepata usingizi. Akawasha deki. Mwisho wa filamu ile mwanamke anatokea mlangoni, na Mzee hakuwahi kumpa neno. Alikuwa akisema hawezi kujua mwanamke angesema nini. Mama Kindness akamsemea.

"Umechelewa wewe. Haya ingia, chakula kipo."

Kisha akajinyoosha pale pale kwenye benchi, akalala.