Mlango Mmoja wa Mzee Bado

Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu mpaka jana, na nimeona nilitangulize lisije likanikwama kooni: mwaka jana, wiki ya mtihani wa majaribio, mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi ya wasioona, ilipogoma, mkosaji nilikuwa mimi. Fundi wetu wa kompyuta aliubeba mzigo huo. Anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, na mimi ndiye niliyeombwa kuandika wasifu wake. Walimu wote wanampenda, ila hakuna anayeweza kueleza anafanya nini hasa.

Alianza akiwa karani wa maktaba, akichapa kadi za vitabu kwa taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa ndani ya boksi miezi miwili kwa kuwa kila mtu aliogopa kuiharibu. Wakati wa likizo yeye akaifungua, akaifumua, akaipanga upya, na skrubu mbili zikabaki. Anazo mpaka leo kwenye kopo la kalamu. Wanafunzi tunamwita Mzee Bado, maana ukimuuliza kama kompyuta yako imepona, jibu ni hilohilo.

Kazi yake ninayoipenda zaidi haionekani. Ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini cha mfumo, nacho ndicho huamua programu ipi iruhusiwe kugusa nini. Kiini kina orodha ya mipangilio yenye maelfu ya mistari, na kila mstari ni swali: hiki kiwepo au kisiwepo? Kompyuta kuu ya shule inatunza rekodi zetu zote, kwa hiyo Mzee Bado hufunga kila kisichohitajika. Lakini kompyuta hiyohiyo huendesha programu ya nukta nundu, iliyoandikwa kabla sijazaliwa na kampuni ambayo haipo tena. Programu za kisasa hubisha hodi kwenye kiini mahali panapobadilika kila zinapowashwa. Hii ya zamani inajua mlango mmoja tu, usiohama. Mlango wa namna hiyo humfaa mgeni mzee, na humfaa mwizi vilevile.

Hayo yote niliyajua baadaye. Siku chache kabla ya wiki ile ya mtihani, Mzee Bado alinipa kazi ya kupitia orodha na kutia alama mistari nisiyoielewa. Nilikuwa nimetoka kusoma kitabu kilichosema milango ya kale ifungwe. Nilipoufikia mstari wa mlango ule niliona haya kuuliza, nikaufunga mwenyewe. Mzee Bado aliniamini, akaunda kiini kipya kwa orodha ileile.

Jumatatu programu ilikufa kila ilipowashwa. Saa tatu ulikuwa mtihani wa historia, na Profesa, mwenzetu asiyeona ambaye hutuacha mbali katika somo hilo, hakuwa na karatasi ya nukta nundu. Bila mtihani angeandikiwa sifuri. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kompyuta.

“Nyinyi mnaoona kazi yenu kuharibu tu,” akasema. Alikuwa anatania.

Mkuu wa shule akasimama mlangoni. “Fundi, tatizo nini?”

“Kosa limetoka mezani kwangu, mama.”

Nilikuwa hatua tatu nyuma ya Fundi, nikijifanya napanga nyaya.

Mzee Bado angeweza kuufungua mlango ule wazi kama zamani, akamaliza upesi. Hakutaka. Alikuwa amesoma kwamba kiini kipya kina chaguo la katikati: mlango ubaki mahali pake, anayebisha ahudumiwe, lakini asiweze kuchungulia ndani. Alijaribu mara tatu. Saa saba mashine ikaanza kutoboa karatasi, inalia kama bisi zinazopasuka. Profesa alifanya mtihani peke yake mchana huo, akaongoza darasa. Mzee Bado akapata barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake.

Tangu hapo anaweka daftari la milango ya kale: upi uko wazi, nani anautumia, lini tuulize tena. Wiki iliyopita aliniazima daftari hilo kwa ajili ya wasifu huu. Ukurasa wa kwanza, chini ya tarehe ile, ameandika: “Mwanafunzi alifunga kwa nia njema. Kosa langu: sikuandika nani yuko nje anabisha. Jumatano apewe orodha tena.” Na kweli, Jumatano ile alinipa orodha tena. Mwaka mzima nilidhani hajui.

Mzee wetu, asante kwa kila kompyuta iliyopona baada ya “bado” zako. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na wajukuu wa kukuuliza maswali mpaka jua lizame. Wakikuuliza kama umechoka, jibu unalo.

Jana wakati wa mapumziko nilikwenda kwa mkuu wa shule na daftari mkononi. Nilimweleza, nikamwomba barua ile itolewe kwenye faili la Fundi kabla halijafungwa. Akaniuliza kama nina uhakika, kisha akanipa karatasi. Niliandika maelezo ya ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Halafu nikaenda chumba cha kompyuta, nikachapa wasifu huu kwa nukta nundu, nikampelekea Profesa ausome wa kwanza.