Februari Yenye Siku Thelathini

Marehemu aliponikabidhi karatasi hizi ninazosoma, nilizoziandika mimi na yeye akazisahihisha, walikuwepo mke wake, ambaye ni shemeji yangu, binti yao wa pekee, msimamizi mstaafu wa kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi, fundi viatu ambaye ni jirani yake ukuta kwa ukuta, na mimi kaka yake mkubwa. Hao wanne aliwaita wawe mashahidi, kwa maelezo kwamba kaka akiachiwa peke yake atayarudisha yale yaliyofutwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi saa ambaye majirani walimwita Yumbayumba, jina ambalo nitalirudia baadaye. Alianza masomo Januari 1959, katika shule ileile iliyonifundisha mimi, ambako tulichapwa kwa kuandika tarehe bila kutaja siku, akamaliza mwaka 1970, na Jumanne tarehe 2 Januari 1973 akaajiriwa kiwandani kuwa msoma prufu, yaani mtu anayesoma kila karatasi kabla haijachapwa, na kuweka alama ya wino mwekundu penye kosa. Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Julai 1978, baada ya kuirudisha kadi ya harusi kwa wachapaji mara tatu, hata bibi harusi akamuuliza, "Kwani unanioa mimi au unaoa kadi?" Binti yao alizaliwa mwaka 1981, na cheti chake cha kuzaliwa kilirudishwa mara moja tu.

Pombe hakupata kuionja maishani mwake. Sentensi hiyo aliipigia mstari mara mbili.

Mwezi Agosti 2008 alianza kumeza vidonge vya tezi ya shingo, na baada ya wiki sita akaanza kutokwa jasho, kutetemeka, kuyumba na kusema maneno yasiyoungana, kisha akipewa chai yenye sukari anakuwa mzima kama si yeye. Jumatatu tarehe 13 Oktoba, akiwa katika hali hiyo, alitia sahihi kalenda ya mwaka uliofuata ikiwa na Februari ya siku thelathini, na nakala elfu mbili zikachapwa na kusambazwa. Msimamizi alimwandikia barua akimtaka aeleze, kabla ya mwaka kwisha, kwa nini asiachishwe kazi kwa ulevi.

Mimi nilikwenda nyumbani kwake nikanusa vikombe, nikanusa chupa ya chai, nikanusa na dawa ya kikohozi. Akaniuliza, "Kaka, unanusa nini?" nikamjibu kwamba nanusa ukweli. Fundi viatu, aliyekuwa akituchungulia dirishani, akasema, "Mzee, kama kuna chai ya rangi inayolevya, nielekeze inauzwa wapi!" Sikucheka.

Alhamisi tarehe 6 Novemba alianguka juu ya meza yake ya kazi, akapelekwa hospitali hajitambui. Nikiamini kwamba haponi, niliketi kwenye benchi la wodi nikaandika historia yake, na katika aya ya nne nikaandika kwamba kinywaji kilimzidi nguvu. Alipotundikiwa maji ya sukari akazinduka, akaiona karatasi kando ya mto, akaisoma yote, kisha akamwambia muuguzi, "Dada, naomba kalamu nyekundu." Aliweka alama arobaini na moja. Kwenye aya ya nne aliandika pembeni: "Thibitisha."

Sikuweza kuthibitisha. Daktari alikuta insulini nyingi mno katika damu yake, akauliza ni nani nyumbani anamdunga sindano, na hakuwepo mtu wa namna hiyo. Ndipo alipopima zaidi, akatueleza kwamba kinga ya mwili wa marehemu ilikuwa ikiikamata insulini ya mwili huohuo kama mgeni asiye na kibali, ikiishikilia saa kadhaa, kisha ikiiachia kwa mkupuo, na sukari inaporomoka. Alisema vidonge ndivyo vilivyochokoza, lakini si kila anayevimeza hupatwa, ila zaidi wale waliorithi jeni fulani. Marehemu akasema, "Kumbe walinzi wa stoo wamemfunga mwenye stoo!" Daktari akachukua na damu yangu, akanikuta na jeni ileile, akaniambia, "Mzee, tofauti yako na mdogo wako ni kwamba shingo yako haijaugua."

Kuhusu baba yetu Yumbayumba, ambaye wote tuliamini alikunywa kwa siri, damu yake haikupimwa, hivyo sina la kuthibitisha, wala wale waliompa jina hilo hawakuwa nalo.

Vidonge vilisimamishwa, marehemu akala kidogo kidogo mara sita kwa siku, na kufikia Machi 2009 hakuyumba tena. Msimamizi aliifuta barua yake mbele ya wafanyakazi wote, na marehemu akastaafu kwa heshima mwaka 2011. Fundi viatu aliitundika kalenda ile kibandani kwake, na mpaka leo anadai alipumzika siku mbili ambazo sisi wengine hatukupewa.

Mwezi uliopita marehemu alishikwa na homa ya mapafu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumtunza, na wenzake wa kiwandani. Shemeji, nawe nakushukuru kwa kunivumilia siku zile nilipovuka mipaka na kunusa hata sufuria zako.

Aya ya nne niliyoiandika mwaka 2008 haikuwa kweli. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu niliuliza kwanza pua yangu badala ya ndugu yangu. Lala salama, mdogo wangu, umemaliza kusahihisha.

Katika karatasi hizi aliacha nafasi moja tu wazi, akaniagiza niijaze mwenyewe na nisisahau siku. Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.